Mbuzi wa Mahari na Waya wa Ethi

Siku ya kupeleka mahari ya mdogo wangu, Landrover yangu 109, Series III ya petroli, ilipendeza kuliko bwana harusi mtarajiwa. Wiki mbili nilikuwa nimelala uvunguni nakwangua kutu kwenye chesisi, ile fremu ya chuma ya chini ya gari, kisha nikaipiga rangi nyeusi ya lami, koti mbili. Nilipaka kila brashi ilipofika, na ilipokataa kufika nikapaka kwa kidole. Kikumbukeni hicho kidole.

Alfajiri pale Korogwe mizigo ilikuwa tayari: kreti nne za soda, mchele kilo 25, na beberu mmoja mwenye ndevu za kishehe. Ndani walikaa mjomba, shangazi, mshenga na mdogo wangu aliyevaa suti ya kukodi. Nikazungusha ufunguo.

Tk!

Nikarudia. Tk! Sauti safi kabisa, kama mtu anayefunga kopo la karanga.

"Betri hiyo," akasema mjomba bila hata kugeuza shingo. Mjomba aliendesha Landrover za serikali miaka mingi, na kwake yeye kila ugonjwa wa gari ni betri mpaka ithibitike vinginevyo. Nikaenda kumwamsha muuza betri, nikatoka na N70 mpya na pengo la laki mbili na nusu mfukoni. Nikafunga, nikazungusha. Tk!

"Basi stata," akasema mjomba, wala hakuona haya.

Fundi wa jirani akaifungua stata, mota ya kuwashia injini, akaiweka sakafuni, akabana waya wa hasi kwenye bodi lake na wa chanya kwenye bolti yake. Ikazunguka kwa kishindo mpaka ikaruka kama kambare. Stata nzima! Akairudisha kwenye injini. Tk! Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza: sakafuni imezunguka, kwenye injini imegoma, nini kimebadilika? Kilichobadilika ni kimoja tu. Sakafuni hasi ya betri ilishika bodi la stata moja kwa moja, kwenye gari lazima ipitie injini na chesisi. Mimi sikujiuliza. Nilikuwa naangalia saa.

Kuna ishara nyingine niliipuuza. Nilipokuwa nazungusha ufunguo, taa kubwa zilikuwa zinawaka ukutani na hazikufifia hata kidogo. Betri ikiwa imechoka, ukipiga stata taa hufa kama kibatari kilichopulizwa. Taa zikibaki na nuru yake huku stata imelala, betri haina kosa, umeme haufiki stata au ukifika haupati njia ya kurudi. Laki mbili na nusu hizo, zilikuwa zimeandikwa ukutani kwa nuru.

Tukasukuma. Gari ya petroli ukiwasha swichi, ukatia gia ya pili na kuachia klachi ikiwa mwendo wa mtu anayekimbia, huwaka hata kama stata imekufa, kwa sababu koili ya kutoa cheche inahitaji ampea nne hivi, wakati stata inataka mia na ushee. Hendeli ya kuwashia kwa mkono ingetosha pia, maana Landrover hizi zina tundu lake pale mbele. Lakini hendeli yangu ina mwaka wa tatu ni komeo la banda la kuku, na mke wangu alisema kuku hawatalala wazi kwa ajili ya posa ya mtu.

Tukapita Mombo, tukaanza kupanda kona za kwenda Soni. Ndani kukaanza kunuka plastiki.

"Viatu vyako vipya hivyo," mjomba akamwambia shangazi.

"Vyangu ni vya ngozi," shangazi akajibu, na hakusema naye tena mpaka Soni.

Nyumba ya wakwe iko bondeni. Unateremka kijia cha mawe, unaingia uani, na nyuma yako kunabaki mlima. Nikazima injini bila kufikiri, kwa adabu ya mgeni. Mambo yakaenda vizuri mno. Mshenga alisema maneno yake, soda zikahesabiwa, mchele ukapokewa, beberu akakabidhiwa na kufungwa chini ya mparachichi, kila kitu kikaandikwa kwenye daftari. Tukala, tukaaga, tukapanda gari, wakwe wakajipanga barazani kutupungia mkono.

Tk!

Mikono ikabaki hewani.

"Shikilia!" mjomba akaamuru. "Usiachie, itashika tu!"

Nikashikilia. Moja, mbili, tatu... nilipofika nane moshi ukatoka kwenye dashibodi, si mwingi, uzi mmoja mweupe ukipanda kutoka kwenye kitasa cha choki, kile unachovuta kuzidishia injini petroli ikiwa baridi. Nikakishika nikisukume ndani. Kilikuwa laini kama haluwa ya moto, kikanifuata mkononi. Shangazi, ambaye alikuwa na chupa ya soda aliyofungiwa safarini, akaimwaga yote pale. Kwa hiyo kabla hatujaondoka kwa wakwe nilikuwa nimeungua vidole viwili na suruali imelowa soda ya machungwa.

Kusukuma kupanda mlima haiwezekani. Kaka wa bibi harusi, shemeji mtarajiwa, ni fundi simu mwenye kibanda karibu na soko la Soni. Akaingia ndani, akarudi na mita ya umeme yenye waya zilizofungwa na gundi ya karatasi. Mjomba akacheka. "Simu na Landrover wapi na wapi?"

Kijana hakujibu. Akaweka mita kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu, akagusa vichwa viwili vya betri. 12.6. "Imejaa," akasema. "Piga stata." Nikapiga. Tk! Ikashuka hadi 12.3 tu. "Betri dhaifu ingeporomoka chini ya tisa na nusu. Hii haijafanya kazi yoyote, imesimama tu inatutazama."

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona gereji yoyote ikilifanya, nami nimekaa gereji nyingi kuliko misikiti. Hakupima umeme umefika wapi, alipima umepotelea wapi. Ncha moja kwenye kichwa cha chanya cha betri, nyingine kwenye bolti ya stata waya unapoingilia. "Piga." Mita ikasoma 0.3 pamoja na solenoidi yake, ile swichi ya umeme inayolia tk. Njia ya kwenda ni nzima. Akahamisha: ncha moja kwenye kichwa cha hasi, kichwa chenyewe, si koleo lake, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. "Piga."

8.4.

"Hapa panatakiwa pasome sifuri nukta mbili, ikizidi sana nukta tano. Volti nane zako zinaliwa kati ya injini na betri. Stata inabakiwa na tatu na kitu, ambazo kwa gari hii ni kama kumpa punda kijiko cha pumba apande Lushoto."

Maelezo yake yalikuwa haya. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusi chesisi. Kinachoiunganisha ni ule waya mpana wa kusukwa unaotoka gia boksi kwenda chesisi, waya wa ethi. Ukikatika au ukishika vibaya, umeme hauachi kutafuta njia ya kurudi betri, unapita kwenye chochote cha chuma kinachotoka injini kwenda kwenye bodi. Kwenye gari yangu kilikuwa waya wa choki unaotoka injini hadi kitasa cha dashibodi, mwembamba kama spoku ya baiskeli. Zikipita pale ampea 50 tu, ukizidisha mara volti nane, ni wati mia nne. Karibu nusu ya pasi. Ndiyo maana kitasa kiliyeyuka, na ndiyo maana kulinuka tangu Mombo, kwa kuwa hata alteneta ilipokuwa inaijaza betri ilikuwa inarudishia umeme wake humo humo. Viatu vya shangazi vilikuwa na haki.

"Lakini mbona taa zinawaka, na solenoidi inalia?" mjomba akauliza, akidhani amemkamata.

"Hizo zimefungwa kwenye bodi, na bodi ina ethi yake nzuri. Solenoidi yenu haikai juu ya stata, iko huku kwenye ukuta wa bodi. Ndiyo maana inalia vizuri hivyo. Aliyefungiwa nje ni injini peke yake."

Akaingia uvunguni na tochi ya simu. Tukasubiri. Sauti ikatoka chini:

"Rangi hii nzuri. Nani kaipaka?"

Kijiji kizima kikanitazama. Nilikuwa nimewasimulia wote habari za ile rangi wakati wa chakula, koti kwa koti.

Nilichofanya ni kuufungua ule waya wa ethi ili nipake vizuri nyuma yake, nikapaka pale unapokaa, nikapaka na bolti kwa kile kidole, vikakauka, ndipo nikaurudisha juu ya lami na kukaza. Rangi ni kizuizi cha umeme kama mpira ulivyo. Umeme mdogo ulijipenyeza kwenye uzi wa bolti, wa stata ukagota. Shemeji akajaribu kuifungua ile bolti, lakini wao walikuwa na spana namba 13 na bolti za Series III ni za inchi. Kichwa kile kinataka spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Namba 13 inaingia, inakubali, inacheza kidogo, halafu inazila pembe zote sita. Ikazila.

"Basi tupite pembeni," akasema shemeji. "Waya mmoja mnene kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini, inawaka sasa hivi. Mna waya wa kubusti, ule wa kuazima umeme wa betri ya gari jingine?"

"Hatuna," nikasema.

Kukawa kimya. Mdogo wangu akakohoa. Nikafuata macho yake hadi kwenye mparachichi.

Beberu alikuwa anatafuna majani kwa utulivu, shingoni kafungwa waya mwekundu na mweusi. Koleo jekundu limeuma fundo kooni, jeusi limeuma tawi. Asubuhi, katika purukushani ya betri na stata, mdogo wangu alikosa kamba akachukua kilichokuwa karibu. Tumetoka Korogwe, mkonge umetuzunguka pande zote mpaka upeo wa macho, tukamfunga mbuzi kwa shaba.

Nikapiga hatua kwenda kumfungua. "Simama hapo," akasema bibi mzaa mama wa binti, kutoka barazani, kwa sauti ndogo. "Mbuzi tumempokea na kamba yake."

Ikabidi mshenga avae tena kofia. Tukavua viatu, tukarudi kuketi mkekani, na mzee wa watu, aliyekuja kuomba binti, akaanza upya kwa heshima zote kuomba kamba. Wazee wa kule wakatoka nje kushauriana. Wakakaa dakika ishirini. Ya binti walikuwa wamekaa kumi.

Wakarudi na masharti: waya tunaazimwa, na tutaleta badala yake kamba ya katani, mpya, mita kumi. Tukakubali. Beberu alipofunguliwa alishika njia ya mlimani, suti ya kukodi ikamfuata, ila hiyo ni habari ya mdogo wangu.

Shemeji akakunja waya zote mbili, nyekundu na nyeusi, zishike njia moja, maana zile za kubusti za bei nafuu zina plastiki nene na shaba nyembamba, mmoja peke yake ungepata moto. Akabana upande mmoja kwenye kichwa cha hasi na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na feni na bomba la moshi. Nikazungusha ufunguo. Haikumaliza hata mzunguko mmoja. Ikanguruma mpaka kuku wakatawanyika, na choki iliyokwama ikatoa moshi mweusi uliowafunika wakwe waliokuwa wakitupungia kwa mara ya pili.

Kesho yake nilikata ile bolti kwa msumeno, nikakwangua chesisi kwa msasa mpaka ikang'aa duara la upana wa shilingi mia, nikafanya hivyo hivyo upande wa gia boksi na kwenye vijicho vya waya wenyewe, nikaweka washa za meno na bolti mpya, nikakaza, ndipo nikapaka grisi kwa juu. Mita ya kuazima ikasoma 0.15. Stata inazunguka kama ile siku ya sakafuni. Betri yangu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, anaitumia mjomba kwenye redio yake.

Harusi ilifanyika, wana mtoto sasa. Daftari la mahari liko kwa shemeji kibandani, na kila nikipita Soni hulifungua ukurasa wa mwisho, anigeuzie bila kusema kitu. Soda kreti 4, imepokewa. Mchele kilo 25, umepokewa. Beberu 1, amepokewa. Kamba mita 10, deni.