Mwacheni wakala amalize kuhesabu

Tumezoea kumsifu mtu anayehudumia watatu kwa mpigo, na hapa Kigoma sifa hiyo wanabebeshwa mawakala wa pesa za simu. Pita Kibirizi asubuhi, dagaa wakiwa wameshashushwa. Dada wa kibandani anahesabu noti za mchuuzi, mwingine anamtajia namba ya kutumia, wa tatu anauliza kama floti, yaani salio la wakala kwenye simu, ipo. Akisita kidogo tu: "Dada, mbona unazubaa?" Naona tunamwonea.

Kazi mbili zinazotaka fikra hazikai vizuri kichwani kwa wakati mmoja. Ubongo huruka, kutoka hii kwenda ile. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayoshika kanuni ya kazi iliyopo: sasa nahesabu, sasa naandika namba. Sehemu ya utosini husaidia kuelekeza usikivu panapohitajika. Na kule ndani, nusu mbili za ubongo zinapotazamana, kuna eneo linaloamka mambo mawili yanapogongana.

Umuhimu wa sehemu ya mbele aliuonyesha Brenda Milner, mtafiti wa ubongo wa Montreal, Kanada, mwaka 1963. Aliwapima wagonjwa wa kifafa waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuondoa kipande cha ubongo. Walipanga kadi bila kutajiwa kanuni. Waliambiwa tu umepata au umekosa. Mtu akishagundua kwamba kanuni ni rangi, inageuzwa kimyakimya kuwa umbo. Waliokatwa sehemu ya mbele waling'ang'ania kanuni ya zamani, umekosa juu ya umekosa. Si ukaidi huo. Kiungo cha kugeuzia ndicho kilichopungua.

Hata mzima wa afya hulipa ushuru wa kuruka. Wanasaikolojia Robert Rogers na Stephen Monsell waliupima mwaka 1995: watu wakibadilisha kazi walichelewa na kukosea zaidi, hata walipojua zamu ya kubadilisha imefika na wakapewa nafasi ya kujiandaa. Mtaniambia wakala ameshazoea. Mazoea hupunguza ushuru huo, hayaufuti.

Kuchelewa kwenyewe ni sehemu ya sekunde, lakini tazama kunakoangukia. Namba ina tarakimu kumi. Jina la mpokeaji linatokea kwenye kioo cha simu, na hapohapo, kabla hajalisoma kwa sauti, mtu anapenyeza noti dirishani na kuuliza makato. Dada anaingiza namba ya siri. Hela ya dagaa imekwenda kwa mtu asiyejulikana, na mara nyingi anayefidia ni yeye, kwenye kamisheni yake ndogo.

Kwa hiyo tukifika dirishani tungoje jina lisomwe, na namba tuje nayo imeandikwa kwenye karatasi. Nanyi wenye vibanda, saa za boti kuingia wekeni mtu wa pili: mmoja ahesabu, mwingine ashike simu.