Thamostati: Kuishusha Usiku au Kuiacha Palepale?

Wapo wanaoshikilia kwamba kushusha thamostati (kidhibiti cha joto la nyumba) usiku ni kazi bure: asubuhi mtambo wa kupasha joto utahenya kurudisha joto lililopotea, na kilichookolewa kitaliwa hapo. Kifizikia hoja hii haisimami. Nyumba huvujisha joto kwa kadiri ya tofauti ya nyuzi kati ya ndani na nje. Nje pakiwa 0 na ndani pakishuka kutoka nyuzi 20 hadi 16, uvujaji hupungua kwa moja ya tano. Joto la kupasha kuta upya halizidi lile ambalo halikutumika nyumba ilipokuwa ikipoa. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kuwa kushusha nyuzi 4 hadi 6 kwa saa 8 kila siku huweza kupunguza gharama za mwaka za kupasha na kupoza nyumba kwa hadi asilimia 10.

Lakini wabishi wana haki mahali pamoja, napo ni pazito: pampu ya joto, yaani mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kulileta ndani. Ikienda taratibu, kwa uniti moja ya umeme huweza kutoa uniti tatu za joto. Ukiidai nyuzi 5 kwa mkupuo, nyingi huwasha koili ya umeme ya akiba, ambayo kwa uniti moja hutoa moja tu. Ulichookoa usiku kucha kinaweza kuishia hapo. Kwa pampu, shusha nyuzi 1 au 2, basi, au zuia koili isiwake hadi nje pawe na baridi kali. Sakafu ya zege yenye mabomba ya maji moto nayo iache ilivyo, kwani huchukua saa nyingi kupata joto.

Wenye boila ya kawaida (mtambo unaochoma mafuta au gesi kupasha maji ya redieta, yale mabamba ya joto ukutani) washushe bila hofu, ila wasiipandishe hadi 28 wakidhani nyumba itawahi kupata joto. Thamostati ni swichi: moto ni uleule, utapitiliza tu. Afadhali kuweka saa iwashe mapema.

Na kabla ya kulaumu ratiba, kagua mahali thamostati ilipofungwa. Iwe ukuta wa ndani, mita 1.5 hivi kutoka sakafuni, mbali na jua na redieta. Katika chumba hicho valvu za redieta zinazojifunga zenyewe kwa joto ziwe wazi kabisa; zikijifunga mapema, thamostati haitafikia kiwango na boila itaendelea kuwaka.

Nyumba yenye wazee, wagonjwa au watoto wachanga isishuke chini ya 18. Kuta zikianza kutoa unyevu na ukungu, umeshusha kupita kiasi: pandisha nyuzi moja, ingiza hewa safi.