Kabla ya Kubishana Bei na Mhariri

Waandishi wengi wakitajiwa bei ya uhariri hukimbilia kuomba wapunguziwe. Wachache huuliza bei hiyo imetoka wapi. Mhariri anauza saa zake. Hata akikutajia bei kwa ukurasa au kwa neno, ameshapiga hesabu ya muda. Chukua mswada wa maneno 60,000. Ukurasa ukiwa na maneno 250, hizo ni kurasa 240. Akienda kurasa 10 kwa saa, kazi ni ya saa 24. Akilazimika kusimama kila mstari kurekebisha upatanisho wa kitenzi na jina lake na kuunganisha maneno yaliyotenganishwa kimakosa, akaenda kurasa 4 kwa saa, inakuwa saa 60. Hizo saa 36 za ziada unazilipa wewe, na njia ya kuzipunguza ni kusafisha mswada mwenyewe kabla ya kuukabidhi.

Hata hivyo, sioni maana ya kufungua kitabu cha sarufi ukurasa wa kwanza na kukimaliza. Mwandishi ana makosa yake machache, anayarudia mara mamia. Mlipe mhariri ahariri kurasa 10 tu, mabadiliko yote yakionekana, kisha kaa na daftari uhesabu kosa lipi limetokea mara ngapi. Matano yanayoongoza ndiyo darasa lako.

Linaloongoza mara nyingi ni upatanisho wa ngeli, na halitokani na kutojua. Hakuna anayeandika "matatizo umeongezeka". Lakini andika "matatizo ya barabara za mkoa wa Lindi" na kitenzi kinavutwa na jina la karibu, "mkoa": "umeongezeka" badala ya "yameongezeka". Programu ya kukagua tahajia haitakusaidia hapo, kwa sababu neno lenyewe ni sahihi. Dawa ni kupigia mstari kila kitenzi kilicho mbali na jina lake, kisha kusoma viwili hivyo peke yake, bila yaliyo katikati. Ukikuta pia umeweka mkato kati ya kiima kirefu na kitenzi chake, uondoe. Pale ni pumzi ya msemaji tu.

Maneno ya kutenganisha na kuunganisha ni rahisi zaidi. "Kwa sababu", "kwa hiyo" na "kwa kuwa" ni maneno mawili mawili. "Ana" husimama peke yake ikiwa na maana ya kumiliki: ana gari. Kikifuata kitenzi, huungana nacho: anaendesha. Halafu kuna "katika shuleni" na "kwenye nyumbani", ambapo mahali pametajwa mara mbili. Chagua "katika shule" au "shuleni".

"Ambae" na "nae" zigeuze kuwa "ambaye" na "naye", ila usibonyeze kitufe cha kubadilisha zote kwa pamoja. Herufi "nae" zimo ndani ya "anaenda" na "ninaelewa", nawe utaishia na "anayenda" mswada mzima. Ukibadilisha kila "ae" ya mwisho wa neno, "akae" itakuwa "akaye". Tafuta neno zima, uangalie moja moja. Inachosha, lakini inachosha kidogo kuliko kumlipa mtu afukue ulichokiharibu mwenyewe.

Wanaochanganya r na l, au dh, th na z, wana kazi ngumu zaidi, maana "mahari" na "mahali" yote yamo kwenye kamusi, na "thamani" na "zamani" vilevile. Hapa sikio ndilo lililokosea, kwa hiyo kusoma kwa sauti hakusaidii sana. Tengeneza orodha ya jozi zinazokusumbua, tafuta kila neno la orodha hiyo ndani ya mswada, na fungua kamusi kila unapositasita.

Andaa pia karatasi moja ya maamuzi: mswada au muswada, ndio au ndiyo, tarakimu au maneno, na wahusika gani wanazungumza lahaja usiyotaka iguswe. Bila karatasi hiyo mhariri atakuuliza kila kitu, au mbaya zaidi, atamfanya bibi wa Pemba azungumze kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Usifanye usafi huu mapema, lakini. Kama maudhui na mpangilio bado vinahitaji jicho la mhariri, vitangulie. Kuna uchungu wa pekee katika kunyoosha sura ya tano kwa wiki mbili, halafu ikakatwa yote.

Ukimaliza, omba bei upya, na kama sampuli toa kurasa za katikati. Sura ya kwanza kila mtu ameiandika upya mara saba. Mhariri aliyepanga bei kwa kuitazama hiyo, akifika ukurasa wa 120 atakupigia simu, na simu hiyo haihusu sarufi.