Ukuta wa LED umemrudishia mwigizaji macho yake

Wakati wa kupiga filamu za The Hobbit, mwigizaji Ian McKellen alilia kwenye seti. Mzee aliyekulia jukwaani aliwekwa peke yake mbele ya skrini ya kijani, ile ambayo mandhari huwekwa juu yake baadaye kwa kompyuta, azungumze na picha za wenzake zenye taa za kumwonyesha nani anasema. Gandalf, mchawi aliyemwigiza, ni mrefu na wenzake ni vibete, kwa hiyo walirekodiwa kando. Alieleza baadaye kuwa hiyo siyo kazi iliyomfanya awe mwigizaji.

Ndiyo maana naushangilia ukuta wa LED, yaani skrini kubwa inayoonyesha mandhari nyuma ya waigizaji wakati wa kurekodi. Ule wa The Mandalorian, tamthilia ya Star Wars ya mwaka 2019, ulipinda kuwazunguka waigizaji, kimo chake kama mita 6, na juu palikuwa na dari ya skrini. Jangwa lilichorwa papo hapo na Unreal Engine, programu iliyoanzia kwenye michezo ya kompyuta. Kamera ikisogea, jangwa nalo linasogea. Machweo yanaweza kudumu kutwa nzima.

Kwa mwigizaji, faida kubwa ni pa kutupia macho. Mbele ya kijani, watatu wanaoambiwa watazame mlima hutazama milima mitatu, na mtazamaji huhisi kasoro hata asipoweza kuitaja. Ukutani mlima ni mmoja. Mwanga wake unawaangukia usoni, na mwili hujibu wenyewe.

Ila picha ile hupangwa kwa jicho la kamera. Anayesimama pembeni huona mlima umepinda, na kamera ikitembea, upeo unatembea mbele yake. Tena mandhari hujengwa kabla ya siku ya kurekodi, mara nyingi mwigizaji hajaulizwa lolote. Akitaka kwenda kushoto kwa sababu hisia imempeleka huko, mchanga halisi umeishia hatua chache tu. Hapo napinga vikali: mwigizaji aitwe mapema, afanye mazoezi ukuta ukiwa umewashwa, na mandhari ibadilishwe kumfuata.

Ukuta pia haumpi mtu wa kuigiza naye. Katika The Mandalorian hiyohiyo, Grogu, mhusika mdogo wa kijani, alikuwa kikaragosi kilichoendeshwa na watu. Timu ilipotaka kurudia tukio bila kikaragosi, ili kompyuta iweze kumchora baadaye, Werner Herzog, mwongozaji wa filamu Mjerumani aliyekuwa akiigiza humo, aliwaita waoga. Namuunga mkono kabisa. Watayarishaji wanaookoa gharama za safari za jangwani watenge sehemu ya fedha hiyo kwa siku za mazoezi, na kwa wanaoendesha vikaragosi.