Afande anapochagua Malindi

"Na ukifa huko, tutakuzika wapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza kaka mtu aliuliza kwa simu, kabla hata ya kuuliza nyumba ni ya kupanga au ya kununua. Aliyeulizwa ni jirani yangu hapa Maweni, mtaa wa mji wa Malindi, sajini aliyetoka jeshini baada ya miaka mingi ya kambi, akaamua kutorudi kwao magharibi mwa Kenya. Alinisimulia tukiwa barazani, sauti imemshuka. Tangu siku hiyo nimeona kwamba mwanajeshi mstaafu anayehamia huku huwa na mashtaka mawili ya kujibu. Kwao wanasema amezamia pwani, ameacha boma la baba yake liote nyasi. Wenyeji wa hapa nao wanasema mwingine huyo, amekuja na kiinua mgongo chake kutumalizia ardhi.

Mashtaka yote mawili yana ukweli ndani yake, na nitayafikia. Ila mshtakiwa mwenyewe sijaona akipewa nafasi ya kusema, nami nimekaa naye vya kutosha kumsemea.

Kosa letu linaanzia kwenye neno "mstaafu". Tukilisikia tunamwona mzee wa mvi na bakora, aliyebakiwa na kazi ya kuota jua na kusubiri siku zake. Jeshi la Kenya huandikisha makuruta wa kawaida wenye umri wa miaka 18 hadi 26. Chukua kijana aliyeingia na miaka 20, akatumikia 25. Anatoka na 45. Mwalimu aliyesoma naye darasa moja atashika chaki mpaka afike 60, maana huo ndio umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma tangu 2009. Kati ya wawili hao kuna miaka 15.

Miaka hiyo 15 ndiyo inayonikosesha usingizi kila nikisikia watu wakimlaumu. Katika miaka hiyo mtoto wake wa kwanza yuko kidato cha tatu na wa mwisho yuko darasa la pili. Mke wake, aliyeishi kwenye nyumba za kambi, amekabidhi funguo, na kama alikuwa na kibanda cha kuuza nje ya lango la kambi, wateja wake amewaacha hukohuko. Pensheni ya mwezi inaingia, lakini ni ya kushikilia maisha. Haiwezi kuyabeba yote. Mtu huyu anahitaji kazi ya pili, na mikono anayo: wapo waliotoka wakiwa mafundi wa magari, wa umeme, wa kuchomelea vyuma, madereva wa malori mazito, wapishi waliozoea kulisha mamia. Arudi kijijini akafanye nini? Shamba la baba limegawanywa kwa ndugu wanne, na waliobaki nyumbani ndio waliolilima miaka yote hiyo. Akidai kipande chake, ameleta ugomvi. Asipodai, amekaa kama mgeni katika boma ambalo mabati yake ameyanunua yeye.

Hapa ndipo ninapokataa neno "amekimbia". Mtu aliyetuma pesa nyumbani kila mwisho wa mwezi kwa miaka 25, akalipia karo ya watoto wa dada zake, akachangia kila harambee na kila matanga bila kuhudhuria hata nusu yake, hajakimbia mahali. Kazi ilimweka mbali akiwa kijana, na aliporudi akakuta nafasi yake imezibwa. Jirani yangu aliniambia kwao wanamjua kwa namba yake ya simu kuliko kwa sura, nami sikupata la kumjibu.

Kwa nini Malindi, basi? Wengi hudhani ni bahari. Bahari ina sehemu yake, sikatai. Mtu aliyekesha doria miaka mingi ana haki ya kupenda mahali ambapo usiku sauti kubwa ni ya mawimbi. Hata huo si mtindo mpya: kati ya hoteli za kwanza za mji huu ni ile iliyofunguliwa miaka ya 1930 na Kamanda Lawford, mwanamaji wa Uingereza aliyekwisha kutoka jeshini. Wazungu waliostaafu walipokuja kupumzika hapa, hakuna aliyewauliza watazikwa wapi.

Sababu nzito zaidi ni ya hesabu. Malindi ni mji wa misimu. Julai na Agosti kuna wageni, Desemba hadi Pasaka kuna wageni. Ikifika Aprili, kusi inaanza kuvuma, masika inamwagika, maji ya mto Sabaki yanaipaka bahari rangi ya udongo, na hoteli nyingi zinafunga milango hadi Julai. Wahudumu wanarudishwa nyumbani bila mshahara. Wachonga vinyago wa barabarani wanafunika meza zao kwa turubai. Dereva wa tuktuk anazunguka mjini kutwa akitafuta pesa ya mafuta. Mama wa duka la mtaani anaandika madeni daftarini mpaka kurasa zinaisha.

Pensheni haijui kusi wala kaskazi. Mei inaingia kama ilivyoingia Januari. Mtu mmoja mtaani mwenye kipato kisichofuata watalii ni nguzo kwa watu wengi: analipa kodi ya nyumba wakati vyumba vya jirani vimebaki vitupu, ananunua unga kwa pesa taslimu, anamwita fundi wa paa mwezi ambao fundi huyo hana kazi nyingine. Nimeishi hapa maisha yangu yote, na Mei ya Malindi naijua. Tunapomhesabu afande kama mtu aliyekuja kuchukua, tunasahau kumhesabu katika mwezi huo.

Sasa upande wa wenyeji, ambao ni upande wangu kwa kuzaliwa. Hofu ya ardhi hapa ina mizizi mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wajiandikishe. Wamijikenda wengi hawakuandikishwa, na ardhi waliyoilima ikageuka kuwa ya serikali au ya watu wengine. Mwaka 1914 askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walitumwa kuwavunja nguvu Wagiriama waliokataa kutoa vijana wao wakafanye kazi za wakoloni na kuhama ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, na Kaya Fungo, makao yao matakatifu msituni, ikalipuliwa kwa baruti. Mekatilili wa Menza, aliyewaapisha watu wasitii, alikuwa amekwisha kukamatwa na kupelekwa Kisii. Kwa hiyo mzee wa Kigiriama akisikia kwamba mwanajeshi anataka ekari mbili karibu na mto, moyo wake unaruka, na sitamwambia atulie.

Katiba, kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kukaa popote Kenya. Hiyo haina mjadala. Tatizo hutokea pale afande, akiwa bado kambini Nanyuki au Gilgil, anapopigiwa simu na dalali, anatumiwa picha ya minazi na nakala ya hati, anafanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, hati inaonekana safi, anatuma pesa. Anafika na lori la mawe, anakuta familia tatu, mikorosho iliyopandwa na babu yao, na makaburi matatu chini ya mwembe. Kisheria, waliokaa bila kusumbuliwa kwa miaka 12 wanaweza kwenda mahakamani kudai ardhi iwe yao. Kwa desturi ya huku, hata mahali ambapo hakuna anayekaa, mnazi au mwembe unaweza kuwa na mwenyewe ambaye si mwenye shamba. Hati haitakuonyesha hilo. Atakuonyesha mzee wa mtaa, ukimpa muda wa kukujua.

Afande aliyezoea amri anapofika hapo, mara nyingine anakosea. Anaita vijana wabomoe. Anajitaja cheo. Hapo mimi siko naye, na hasira ya wenyeji ni ya haki kabisa. Lakini hasira hiyohiyo humwangukia jirani yangu, ambaye hajanunua hata futi moja. Na yule dalali aliyeuza ploti moja kwa watu wawili yuko mjini anakunywa chai.

Wapo wanaoniuliza mbona wasiende Lamu, mahali patulivu zaidi. Mji wa kale wa Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, na mtu mwenye kupenda kusoma, kuswali na kutembea kwa miguu hatapata pahali pazuri kuliko pale. Kwa mwanajeshi wa zamani, hata hivyo, bara ya Lamu haijawa mahali pa kusahau kazi. Mji wa Mpeketoni ulishambuliwa Juni 2014, watu zaidi ya 60 wakauawa, na mwaka uliofuata ikaanza operesheni ya jeshi dhidi ya al-Shabaab katika msitu wa Boni. Kambi ya jeshi ya Manda Bay nayo ilivamiwa Januari 2020. Baadhi ya hawa wastaafu walitumikia kulekule. Ardhi nayo ina joto lake, zaidi tangu bandari mpya ilipoanza kuzungumzwa: mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za kampuni 22 zilizoshika ekari zipatazo 500,000 kaunti hiyo. Ukiwa na ugonjwa wa kutaka daktari bingwa usiku, boti mpaka Mokowe, upande wa bara, na safari ndefu ya barabara kuja huku Malindi au Mombasa si jambo la kulipuuza.

Maoni yangu ni kwamba afande apange kwanza. Apange nyumba mwaka mzima, aione kusi na kaskazi, ajue bomba hukauka lini na bei ya maji ya mkokoteni inapanda hadi wapi, awasikie majirani wakimwita kwa jina la mtoto wake badala ya cheo. Kiinua mgongo akiweke mahali asipoweza kukitoa kwa simu moja ya dalali. Akitaka kununua baadaye, aende shambani na mkewe, asimame chini ya kila mti, aulize, "Huu ni wa nani?" Jirani yangu alifanya hivyo Kakuyuni. Mzee aliyemkuta alimjibu, "Mwanangu, huo alipanda baba yangu, lakini shamba si langu." Akamshukuru, wakanywa uji, akarudi mjini bila kununua. Mzee huyo sasa humpitia Maweni akija sokoni.

Limebaki swali la kaka, na hilo silidharau. Kutoka hapa hadi kwao ni karibu kilomita 1,000 za gari la kubeba maiti, na gharama hiyo itawaangukia ndugu. Wakenya tunakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyekaa chumba cha maiti karibu miezi mitano hadi Mei 1987, mjane akitaka kumzika Ngong na ukoo ukitaka kwao Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda. Kaka anayeuliza mapema anajaribu kuzuia aibu kama hiyo, na afande anayekasirika akiulizwa anakosea.

Jirani yangu alikasirika, kisha akatulia. Desemba iliyopita alipanda basi na mkewe na watoto, akaketi na kaka zake watatu chini ya mparachichi. Walikubaliana azikwe nyumbani, kando ya mama yake, na kila mwezi ataweka kitu katika chama cha ukoo kwa ajili ya safari hiyo. Shamba wamemwachia kaka mdogo alilime lote. Januari alikuwa amerudi Maweni, anatengeneza jenereta ya duka la samaki.