Wauza safari za Kili, acheni kutuuzia siku tano

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp hapa Mwanza limerushwa tangazo la kupanda Kilimanjaro, picha nzuri, bei chee, na chini limeandikwa kwa herufi kubwa SIKU TANO TU. Nikauliza siku ya sita, ile ya kuuzoesha mwili hewa ya juu, imeenda wapi. Nikajibiwa kwamba hiyo ni ya wazee na wazungu, nyie vijana mna pumzi. Hilo jibu limenikaa kooni mpaka leo ndo maana naandika.

Tuongee njia ya Marangu maana ndo wengi wetu tunapelekwa huko, ina vibanda vya kulala na mfuko unaiweza. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita kama 2,700. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,700 na ushee. Yaani kila ukilala uko mita elfu moja juu ya ulipolala jana yake. Na ushauri wa madaktari wa mambo ya milima unajulikana miaka nenda rudi, kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe sehemu ya kulala zaidi ya kama mita 500 kwa siku. Sisi tunapandishwa mara mbili ya hapo, na tumetoka huku ziwani mita 1,100 na kitu, tumeshinda kwenye basi toka alfajiri Shinyanga, Singida, Arusha, tunafika Moshi usiku miguu imejaa, kesho yake asubuhi tuko getini tunaandikishwa.

Halafu inakuja ile siku yenyewe. Watu wanaiita siku ya kilele ila ukweli ni kwamba inaanza jana yake, maana asubuhi unatoka Horombo, unavuka ule uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo ambako hamna hata mti, upepo tu na mawe, unafika kwenye vibanda vya Kibo mchana umechoka, unalazimishwa kula na hamu ya kula huna, unaambiwa ulale na usingizi hauji kwa sababu kila ukisinzia unashtuka unatafuta hewa. Saa tano usiku unaamshwa. Saa sita mko njiani, tochi za kichwa, unachokiona ni visigino vya aliyeko mbele yako basi. Ile changarawe unakanyaga inateleza, unapanda hatua unarudi nusu. Maji kwenye mrija yanaganda. Ukifika Uhuru, kilele chenyewe, kwenye saa moja au saa mbili asubuhi, hujamaliza saa 24 toka utoke Horombo, na umetoka 3,720 mpaka 5,895, sehemu ambayo oksijeni unayovuta ni kama nusu ya anayoipata mtu aliyeko pwani. Na bado hujamaliza! Unashuka mpaka Kibo, unapumzika kidogo, unashuka tena mpaka Horombo, karibu mita 2,200 za kushuka siku hiyo hiyo, magoti yanalia, kichwa kinagonga.

Hiyo siku iko hivyo hata ukienda siku sita, sibishi. Tofauti ni mwili unaoingia nao. Wa siku sita wanalala Horombo mara mbili wakati wa kupanda, ile siku ya katikati wanatembea mpaka kwenye miamba ya Zebra Rocks, kama mita 4,000, wanarudi kulala chini. Inaonekana kama siku ya kupoteza lakini ndo siku ambayo mwili unajifunza kuishi na hewa kidogo.

Na hii habari ya vijana mna pumzi, naomba iishe kabisa. Kwenye safari yetu, ya siku tano, alikuwepo dada mmoja wa Igoma, jimu kila siku, kilima cha Capri Point anakikimbia asubuhi kabla ya kazi, hakuna aliyemfikia. Tumefika pango la Hans Meyer, mita 5,150 hivi, tukakaa tunywe chai ya tangawizi. Nikamwona anavaa glavu ya mkono wa kulia kwenye mkono wa kushoto, anaivua, anaiangalia, anaivaa tena vilevile. Mwongozaji akamwambia asimame atembee mstari ulionyooka. Hatua ya tatu akayumba kama mlevi.

"Tunashuka," mwongozaji akasema.

"Kaka naomba nifike hata Gilman's tu, pale ukingoni kabla ya Uhuru."

"Dada yangu, hapa naamua mimi. Shika mkono wangu."

Kuyumba vile ni dalili ya ubongo kuanza kuvimba, na dawa ya kwanza ni kushuka, tena kushuka papo hapo. Yule kaka namshukuru mpaka leo. Tuliporudi Horombo tukamkuta anaongea vizuri, amekunywa supu, analia kwa kukosa kilele. Mlima hauangalii misuli. Unaweza kuwa na nguvu za ajabu na ukaumwa, mzee wa taratibu akapita. Kumwambia kijana pumzi yake itamlinda ni kumpa ujasiri wa kuficha kichwa kinachouma.

Haya, wapo waliofika Uhuru kwa siku tano wakarudi wazima, nawajua, hongera zao. Na siku ya sita ina gharama, ada ya hifadhi, kibanda, chakula, posho za wagumu, yaani wabeba mizigo. Ila sisi raia tunalipa ada kwa shilingi, mbali kabisa na anacholipa mgeni, kwa hiyo msiseme siku moja ndo inaua bei.

Ninachotaka ni bei ya siku sita iandikwe kama bei ya kawaida, na anayetaka tano aambiwe wazi anachokiacha kabla hajatoa hela. Kama hela haitoshi kwa Desemba basi tusogeze mpaka Juni au Julai, kiangazi, tuchange kidogo kidogo kila mwezi. Kamati za harusi tunachangishana nusu mwaka mzima na hela inapatikana, hii nayo tutaiweza.