Usiruke Msimu wa Pili

Mtu akiniambia ameanza kutazama The Wire, ile tamthilia ya Kimarekani ya polisi na wauza unga wa jiji la Baltimore, najua baada ya wiki mbili hivi atanirudia na swali lilelile: "Hivi msimu wa pili ni lazima?" Anakuwa keshamaliza wa kwanza. Keshawazoea wale vijana wanaouza unga wakiwa wamekaa kwenye kochi la rangi ya chungwa katikati ya uwanja wa majengo, na Omar, mnyang'anyi anayewaibia wauza unga kwa bunduki yake, keshampenda. Halafu anafungua msimu mpya, anakutana na makuli wa bandarini, wengi wao Wazungu, wanakunywa bia na kulalamika kwamba meli zimepungua. Anaona kama kaingizwa mjini.

Jibu la kawaida la watazamaji wakongwe ni: ruka, utayaelewa tu ya mbele. Nami nililitoa jibu hilo kwa miaka. Siku hizi nalionea aibu.

(Anayeogopa kusimuliwa mwisho aishie hapa. Tamthilia ilianza 2002 ikaisha 2008, muda wa kuitazama tumepewa wa kutosha.)

Tuanze na namna kesi inavyozaliwa, maana hapo ndipo ujanja wote ulipo. Kamanda mmoja wa polisi, Valchek, anataka kuliwekea kanisa lao dirisha la vioo vya rangi kwa heshima ya askari. Akifika anakuta Frank Sobotka, mkuu wa chama cha makuli, kamtangulia: dirisha la makuli liko tayari, zuri, la fedha nyingi. Valchek hajiulizi kama kuna uhalifu bandarini. Anajiuliza watu wanaolia njaa wamepata wapi fedha za dirisha lile, na kwa kinyongo hicho tu anadai aundiwe kikosi cha upelelezi. Makuli nao hawakukaa kimya. Waliiba gari lake la upelelezi, wakalifungia kwenye kontena, na kamanda akawa anatumiwa picha za gari hilo kutoka bandari moja ya dunia hadi nyingine. Sijacheka hivyo katika msimu mwingine wowote.

Wakati huohuo askari wa bandari, Beadie Russell, anafungua kontena na kukuta wanawake 13 wamekufa kwa kukosa hewa. Mmoja zaidi alikuwa ameshaokotwa majini. Ungetegemea polisi wagombanie kesi kama hiyo, na kweli wanagombana, ila kila idara inavutana na nyingine ili isiipate. Maiti 14 zisizo na muuaji ni kesi 14 zitakazoshusha hesabu ya mwaka ya kesi zilizotatuliwa. Anayeziangushia jiji ni McNulty, mpelelezi wa msimu wa kwanza aliyekuwa amehamishiwa kwenye boti ya doria kwa adhabu: anakaa na majedwali ya maji kujaa na kupwa, anapiga hesabu, anathibitisha kwamba vifo vilitokea ndani ya mipaka ya jiji. Alifanya hivyo kumkomoa bosi wake wa zamani, si kwa uchungu wa wale wanawake. Uchungu ulikuja baadaye, alipohangaika kutafuta jina la yule wa majini na asilipate.

Watu husema msimu huu hauna shujaa, na ni kweli, ila mimi sioni kwamba hilo ni kasoro. David Simon, aliyeitunga tamthilia hii, alikuwa mwandishi wa habari wa gazeti la Baltimore Sun. Mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi wa jiji hilohilo, kisha mwalimu. Hawa ni watu waliokwisha kuona ofisi kwa ndani, na wanajua mambo mengi hufanyika kwa kisasi au kwa kuogopa takwimu. Ukiuruka msimu huu, wa nne utakuliza kwa watoto wa shule, lakini hutajua kwa nini mji mzima umebaki na kona za kuuzia unga kama ajira ya uhakika. Kazi zilikwenda wapi? Jibu liko gatini, kwenye msimu huu wa pili.

Sobotka anapitisha makontena ya magendo kwa watu anaowaita Wagiriki, na fedha anazolipwa hanunulii jumba. Anawahonga wanasiasa ili kina cha bandari kichimbwe na gati ya nafaka ifufuliwe, watu wake wapate siku za kazi. Ni mwizi, simpaki mafuta, na aliamua kutouliza ndani ya makontena mna nini. Ila anapolalamika kwamba zamani nchi yao ilijenga vitu na sasa kila mtu mkono wake umo mfukoni mwa mwenzake, nashindwa kumbishia. Gati yenyewe mwishowe inaishia kuwa nyumba za matajiri.

Sehemu Sobotka anapotembea peke yake kwenda kukutana na watakaomuua, juu yake linaonekana daraja la Francis Scott Key la Baltimore. Machi 2024 meli ya makontena iliigonga nguzo yake, daraja lote likaanguka, na wafanyakazi sita waliokuwa wakitengeneza barabara juu yake wakafa. Tangu hapo siwezi kuitazama sehemu hiyo kama zamani.

Lawama ninayoikubali ni nyingine kabisa, na ajabu huisikia mara chache. Wale wanawake hawana sauti. Tunajua dirisha la kanisa liligombaniwa vipi, tunajua hata bata wa Ziggy, mtoto wa Sobotka, alikufaje kwa kuleweshwa pombe, lakini hakuna hata mmoja wa wale 14 tunayejua alitoka kijiji gani na aliahidiwa nini. Utasema ndiyo hoja yenyewe, kwamba mfumo haukuwajali. Sawa, lakini waandishi waliweza kutupa utu wa muuza unga wa miaka 16. Hapa walichoka mapema. Picha za kufungia msimu zinaonyesha wasichana wengine wakiletwa, nao wanapita bila majina.

Rafiki yangu aliyeniuliza safari hii nilimwambia atazame, asiruke hata dakika. Kanipigia simu akiwa sehemu ya tatu, amekasirika: huyu Ziggy anakera, nimvumilie mpaka lini? Nikamwambia ukweli. Ziggy simtetei.